Muulize Bibi: Zimwi, Mama wa Kambo na Kalamu ya Ajabu

Shikamoo Bibi. Mwanangu ana miaka mitano na anapenda hadithi za zimwi kupita kiasi, lakini nikifika pale zimwi linapogonga mlango anajifunika shuka hadi kichwani. Mume wangu anasema nilitoe zimwi, niweke mzee mkali tu. Nifanyeje? (Mama wa mmoja)

Marahaba, mwanangu. Mume wako mpe salamu zangu, na zimwi libaki palepale lilipo. Mzee mkali atamtisha mtoto zaidi, maana wazee wakali wapo na anapishana nao njiani. Zimwi hakutani nalo popote isipokuwa mdomoni mwako. Na wahenga walishasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi kazi yako ni kuwajulisha, yeye na zimwi lake.

Mjukuu wangu alikuwa hivyohivyo. Usiku mmoja nilikatiza hadithi nikamuuliza: "Kucha za zimwi hili zikoje?" Jicho moja likachungulia. "Ndefu." Ndefu kama nini? "Kama kijiko." Na nani hulikata? Akafikiri, shuka ikateremka mpaka shingoni. "Halina wa kulikata. Ndiyo maana lina hasira." Tangu siku hiyo zimwi la nyumbani kwetu lina kucha za kijiko, na nikisahau kuzitaja nakatizwa.

Ila usikate hadithi zimwi likiwa bado mlangoni, eti utamalizia kesho. Hilo ndilo linalowanyima watoto usingizi. Akikuomba uache, ruka hadi mwisho, mwonyeshe zimwi limekwisha, kisha urudi nyuma kama atataka. Charles Perrault wa Ufaransa alipochapisha kisa cha msichana wa kofia nyekundu mwaka 1697, mbwamwitu alimla msichana na hadithi ikaishia hapo, hakuna aliyekuja kumwokoa. Mwindaji anayempasua mbwamwitu tumbo akamtoa msichana mzima aliletwa baadaye, katika masimulizi ya Jacob na Wilhelm Grimm wa Ujerumani. Mimi kwa mtoto wa miaka mitano namchukua mwindaji. Perrault asubiri mtoto afike kumi.

Bibi, nimeolewa na mwanamume mwenye binti wa miaka saba. Tunapatana, tunasoma pamoja kila jioni. Lakini kila kitabu cha hadithi za kichawi nikikifungua, mama wa kambo ndiye mbaya. Juzi aliniangalia akauliza: "Na wewe?" Nilikosa la kusema. (Mama wa kambo)

Barua yako nimeisoma mara tatu, mwanangu, kwa sababu na mimi nimelelewa na mama wa kambo.

Kwanza nikupe siri ya vitabu hivyo. Katika toleo la kwanza la hadithi za ndugu Grimm, la mwaka 1812, malkia anayemwonea wivu binti mweupe kama theluji ni mama yake mzazi. Mama mzazi kabisa, aliyemtamani akiwa dirishani anashona! Toleo la 1819 lilipotoka, mama yule amekufa wakati wa kujifungua na mahali pake pameingia mama wa kambo. Hansel na Gretel nao, wale watoto waliopelekwa msituni wakaachwa, walipelekwa kwa shauri la mama yao. Mwaka 1840, toleo la nne, amekuwa wa kambo. Wilhelm ndiye aliyekuwa akishika kalamu ya kusahihisha zaidi kila toleo, na inasemekana aliona haya kumwachia mama mzazi ubaya wa namna hiyo mbele ya watoto. Akautafutia wa kuubeba. Akakupata wewe.

Sisemi kwamba Grimm ndio waliomzua. Mama wa kambo mkatili alikuwapo kabla yao, hata kwa Perrault yupo, na yupo katika kisa cha Yeh-hsien kilichoandikwa China karne ya 9, ambacho ni ndugu wa damu wa hadithi ya Sinderela, msichana wa kiatu cha kioo. Zamani wanawake wengi walikufa kwa uzazi, baba akaoa tena, mali na chakula vikagombaniwa. Hadithi iliokota ilichokikuta. Lakini ujue kwamba mahali pengine uliwekwa kwa wino.

Sasa, la kufanya. Mama yangu wa kambo hakuwahi kunikatia hata mstari mmoja. Akifika kwa mama mbaya alibana pua, akatoa sauti nyembamba ya kuudhi, akakunja kidole kama ndoano. Halafu katikati ya maneno yale ya sumu alinyoosha mkono wake mwingine, akanivutia blanketi miguuni, maana miguu yangu ilikuwa haikai ndani. Sauti ilikuwa ya yule. Mkono ulikuwa wake. Sikuhitaji kuuliza "Na wewe?"

Binti yako ameuliza, basi mjibu. Mwambie: "Mimi ni mama wa kambo wa hadithi ambayo bado haijaandikwa. Tuanzeje?" Kisha nyamaza, yeye aanze. Usishangae akikupa pembe. Watoto hupenda kujaribu kwanza.

Bibi, tunawakataza watoto uwongo, kisha jioni tunawaambia sungura kazungumza na fisi. Si tunajipinga wenyewe? (Baba mwenye wasiwasi)

Unaanzaje hadithi, baba? Ukiita "Hadithi, hadithi!" wao wanakuitikiaje? "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Wanauita wenyewe, tena kwa jina lake, hata hujatamka neno la pili. Mwongo habishi hodi. Endelea na sungura wako.

Shikamoo Bibi. Naandika hadithi ya watoto kuhusu mvulana aliyeokota kalamu ya ajabu: kila akiandikacho kinatokea. Nina joka, jini, na ngome inayoelea angani. Dada yangu ameisoma hadi sura ya tatu, anasema imepoa. Imepoaje na joka limo? (Mwandishi chipukizi)

Marahaba. Dada yako ana masikio. Imepoa kwa kuwa mvulana wako hana shida. Joka likija anaandika "joka, toweka", nalo linatoweka. Mtoto anayesikiliza ataogopa nini?

Uchawi wa kwenye hadithi lazima uwe na mpaka au deni. Yule msichana wa kiatu cha kioo alipewa gari na nguo, lakini mwisho wake saa sita za usiku. Fikiria angepewa wiki nzima! Nguva mdogo wa Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark, mwaka 1837, alipata miguu, ila alilipa kwa ulimi wake, na kila hatua ikamchoma kama anakanyaga visu. Hapo mtoto hutoa macho, kwa sababu kila zuri lina bei na bei yenyewe inauma.

Kwa kalamu yako, mimi ningeichezesha lugha. Kalamu inatii neno, haijui nia. Mvulana anakimbizwa, anataka paa wa kumpanda akimbie naye, anaandika "paa" haraka haraka, na juu ya kichwa chake linashuka paa la nyumba. Anataka mbuzi, inamletea mbuzi ya kukunia nazi. Anamwita tai amchukue angani, anajikuta kavalishwa tai shingoni kama karani. Sasa lazima afikiri kabla ya kuandika, na msomaji wako anafikiri naye, anapiga kelele: "Usiandike kaa! Usiandike kaa!" Nimejicheka mwenyewe hapa. Chukua, nimekupa.

Halafu hizo joka, jini na ngome zimekuja zote kwa mpigo. Zipange. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha London mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na humo kuna kisa cha Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula mifugo, watu wanashtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anazidi kukua hadi anakuwa nunda mla watu, na wana wa sultani nao wanaliwa. Mtoto wa mwisho ndiye anayetoka kumsaka. Anaua mnyama, anamburuta hadi nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba amemuua nunda. Mama anamjibu kwa wimbo: mwanangu, huyo siye. Kwanza ni mbwa tu. Baadaye pundamilia, siye. Twiga, siye. Faru, siye. Tembo mzima, na mama bado anasema siye. Unaona alivyokuzwa nunda bila kuonekana? Kila mnyama anayekataliwa anamwongezea ukubwa, na watoto wanaimba na mama. Hapo hakuna kalamu wala jini.

Wewe joka lako limetokea ukurasa wa pili. Lirudishe pangoni. Tuonyeshe nyayo kwanza.

Bibi, mwanangu anataka hadithi ileile ya kima na papa kila usiku, mwezi mzima sasa. Jana niliruka kipande, akanikamata. Nimechoka. (Baba wa usiku)

Pole. Kwa wasioijua: papa anamwalika kima kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, "Ungeniambia mapema! Sisi mioyo yetu tunaiacha mitini." Papa anageuka kumrudisha akauchukue, na kima akishapata tawi, kwaheri.

Usiruke kipande. Yeye anaingoja sekunde ileile ya kima kudanganya, na ukiikosea umemwibia. Ila unaweza kubadilisha mnyama na kumwambia wazi. Bara Hindi kisa hiki kimo katika mkusanyiko wa kale uitwao Panchatantra, na huko anayembeba kima si papa, ni mamba. Mwambie leo ni zamu ya mamba. Atakusahihisha kila mstari, hivyo kazi ya kusimulia itakuwa imehamia kwake.

Ukiwa hoi kabisa, lala kifudifudi, yeye akae mgongoni. Akikwambia moyo ameusahau mtini, wewe geuka tu umrudishe.