Kwaya ndogo na nyimbo za kisasa: je, wimbo rahisi ni sadaka pungufu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwaya yetu ina watu 11, wanaume ni wawili tu, na hakuna anayesoma nota. Mwalimu wetu anapenda nyimbo mpya za sauti nne zenye madoido mengi. Ikifika Jumapili tunayumba, waamini wanabaki kututazama. Nikishauri tuchague nyimbo mpya zilizo rahisi, naambiwa Mungu hapewi kilicho chepesi. Kanisa linasemaje?

JIBU: Milele, amina. Nabii Malaki aliwakemea kweli waliopeleka madhabahuni mnyama kipofu na kiwete (Mal 1:8). Lakini kilema cha wimbo ni kutoandaliwa, si uchache wa sauti. Huo wa sauti nne usioshikika ndio unaochechemea.

Tena jambo hili Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kuligusa. Konstitusio juu ya Liturujia, yaani hati ya Mtaguso huo kuhusu ibada, ya tarehe 4 Desemba 1963, ibara ya 121, inawataka watunzi watunge nyimbo zinazofaa kwaya kubwa, na pia zile zinazofaa kwaya ndogo na kuwawezesha waamini wote kushiriki. Kwa hiyo ninyi hamwombi kuhurumiwa. Mlishafikiriwa.

Ibara hiyohiyo inadai maneno yapatane na mafundisho ya Kanisa, yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Basi anzeni na maneno. Someni mashairi kwa sauti, bila tuni wala kinanda. Yasiposomeka kama sala, wekeni kando, hata tuni iwe tamu namna gani. (Hapa nyimbo nyingi za kisasa huanguka: "mimi" ni tele, Mungu anatajwa kwa kupitia.)

Kisha hesabuni watu. Wanaume wawili msiwagawe kuwa tenori na besi, yaani sauti ya juu na ya chini ya kiume. Mmoja akiugua, sauti nzima imekwenda. Wapeni sauti moja, wanawake wagawane mbili, au wote mwimbe sauti moja iliyonyooka. Mkitamani utajiri wa sauti, tafuteni kanoni: tuni ni ileile, ila makundi yanapishana kuanza. Msikilizaji anasikia sauti nyingi, mwimbaji kajifunza moja tu. Jacques Berthier aliitungia jumuiya ya Taizé, kule Ufaransa, nyimbo fupi za kurudiarudia, kanoni zikiwemo, kwa sababu mahujaji wa lugha mbalimbali walihitaji kuimba papo hapo. Angalieni pia wimbo usipande mno. Ukiwashinda, mpiga kinanda ateremshe ufunguo. Si dhambi.

Kuhusu waamini kuwatazama tu, fungueni Zaburi ya 136. Ina aya 26, na kila aya inamalizika kwa kiitikio kilekile, kwamba fadhili zake ni za milele. Kwaya ishike beti, watu wapewe kiitikio kifupi. Fundisheni kiitikio hicho dakika chache kabla ya Misa, na msikibadilishe kila Jumapili.

Mwalimu wako naye asinyimwe wimbo wake mgumu. Mmoja kwa ajili ya Pasaka, ukianza kufundishwa miezi kadhaa kabla, unatosha. Zungumza naye mkiwa wawili baada ya mazoezi, si mbele ya kwaya, na uende na wimbo mmoja mkononi uliokwisha kuuchagua.