Mbalamwezi ya Juma Kuu

Wiki hii mmetuuliza: je, kujifunza habari za nyota kunampunguzia Mkatoliki imani? Mimi naanika dagaa Igombe, hapa Mwanza, kwa hiyo naanza na mwezi.

Dagaa huvuliwa gizani. Taa ndiyo inayowaita, sasa mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa itamwita nani? Mitumbwi inabaki mchangani, watu wanashona nyavu na kudaiana. Miaka mingi nilikuwa naona Alhamisi Kuu wavuvi wamejaa kanisani, ilhali Krismasi pengine hayupo hata mmoja. Nikadhani ni toba. Nilipomwambia mume wangu, alicheka: "Mama Neema, giza limekwisha, tungekwenda wapi?"

Kumbe ni hesabu. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, ndiyo maana Juma Kuu haliangukii gizani. Krismasi haifuati mbalamwezi. Kalenda ya zamani ilipoonekana imeteleza na kuivuruga Pasaka, Papa Gregori wa 13 alifuta siku 10: mwaka 1582 watu walilala tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15.

Kinachotuchanganya ni neno lenyewe. Ukitaja unajimu mtaani kwetu, watu wanamfikiria yule wa kusafisha nyota. Niliposema jumuiyani kwamba Neema anapenda unajimu, mama mmoja alitaka tumwombee papo hapo! Hiyo ya kutabiriwa Kanisa limeikataza, nami siitaki. Nyota haina vumbi. Ila kuzipima na kuzichunguza ni jambo jingine, na Vatikano ina kituo chake cha kazi hiyo. Tena aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Neema ndiye aliyenisomea, akaongeza kwamba padre huyo hakutaka hesabu zake zigeuzwe ushahidi wa Kitabu cha Mwanzo. Hapo ndipo nilipompenda Lemaître.

Mkesha mmoja wa Pasaka tulizima taa tukasimama nje kungoja moto mpya. Mwezi ukachomoza nyuma ya mawe. Neema akanivuta kitenge: "Mama, ona, ukingo umeanza kuliwa." Nikamwambia anyamaze, padre anabariki moto. Baba yake alikuwa kando yetu, mshumaa haujawashwa, anahesabu kwa vidole siku zilizobaki kurudi ziwani.