Hedhi haijarudi, mimba inaweza kuingia?

Mtoto wangu ana miezi minne, ananyonya, na sijaona siku zangu tangu nijifungue. Jirani anasema siwezi kupata mimba. Ni kweli?

Inategemea ananyonya vipi. Kunyonyesha huzuia mimba kwa asilimia 98 hivi, ila masharti matatu yatimie kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na anapata maziwa ya mama tu, usiku na mchana. Kijiko cha uji anachopewa na bibi, maji ya kunywa eti kwa sababu ya joto, maziwa ya kopo ukiwa kazini: hapo kinga imeshalegea. Na hedhi isikudanganye. Yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya damu, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona siku zako hata mara moja. Wapo wanaofika kliniki wakilalamikia gesi tumboni, kumbe ni mimba.

Mimi sinyonyeshi. Nisubiri arobaini iishe?

Usisubiri. Kwa asiyenyonyesha, mimba inaweza kuingia hata wiki ya nne.

Nitumie nini bila kupunguza maziwa?

Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Zikipita, subiri wiki nne. Vijiti vya chini ya ngozi ya mkono unaweza kuwekewa kabla hujatoka wodini. Sindano ya miezi mitatu ianze wiki ya sita, siku ambayo utampeleka mtoto chanjo hata hivyo. Vidonge vyenye homoni mbili viache mpaka mtoto afikishe miezi sita. Una presha? Mwambie mhudumu kabla hajakuchagulia chochote.

Mama mkwe anasema nikikutana na mume wangu nitambemenda mtoto, yaani maziwa yataharibika na mtoto atadhoofika.

Shahawa haziingii kwenye maziwa. Lakini wazee waliona kitu cha kweli: mama akishika mimba mapema, mtoto huachishwa ziwa kabla ya wakati, hulishwa uji mwepesi, hudhoofika. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri miaka miwili ipite kabla ya kubeba mimba nyingine. Kwa hiyo mama mkwe na nesi wanataka kitu kimoja, ila nesi hamhamishii mwanaume sebuleni.

Niliacha sindano, miezi saba sasa sijashika mimba. Kizazi kimeharibika?

Hapana. Tangu sindano ya mwisho, uzazi huchukua miezi kumi hivi kurudi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Mwaka na nusu ukipita kimya, nendeni hospitali wote wawili. Mume naye apimwe.