Lipu au bodi za jipsamu?

Dada, umeuliza kama kuta za ndani za nyumba yako ya Nyamasaria zipigwe lipu ya saruji au zifunikwe kwa bodi za jipsamu. Mimi ningechagua lipu. Bodi hiyo ni jipsamu, yaani jasi, iliyobanwa kati ya karatasi mbili, na karatasi ikinyonya unyevu unaopanda kutoka ardhini, huota kuvu upande wa nyuma usiouona, halafu mchwa nao hufuata mbao zinazoishikilia. Kwangu, hapa hapa Kisumu, nilibonyeza bodi iliyokuwa nyuma ya kochi, kidole kikazama kama katika mkate uliochovywa kwenye chai.

Lipu ichanganywe sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga uliochekechwa, imwagiliwe maji kwa takriban siku 7, kisha iachwe ikauke hadi zitimie kama siku 28 kabla ya kupakwa puti ya kulainisha ukuta na rangi. (Fundi atakayekuharakisha, aghalabu haraka yake ni ya malipo.) Bafuni na nyuma ya sinki ya jikoni weka vigae. Jipsamu ukiipenda sana, iweke darini, mradi paa halivuji.