Boxer yangu imechoka: niipige ringi tena au niistaafishe?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina pikipiki, Boxer 150, niliyoinunua mpya mwaka 2017. Inabeba abiria na viazi kati ya Uyole na Isongole, mvua na jua. Mita iligoma ikisoma kilomita 87,000, na hiyo ni zamani. Sasa inakula oili, inatoa moshi wa bluu na milimani inakata pumzi. Imeshapigwa ringi, yaani kubadilishiwa pete za pistoni, mara mbili. Fundi wangu anataka tuipige tena, wenzangu kijiweni wanasema niiuze kabla haijanifia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wote hao wanabishania injini, na mimi injini ningeitazama mwisho. Anza na shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Osha tope lote, isimamishe kwa stendi ya kati, mwenzako akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele liwe hewani. Shika miguu ya mbele, ivute na kuisukuma. Ikigonga, ni bering za shingo, kazi ndogo. Kisha mulika kwa tochi pale fremu ilipochomelewa kwenye shingo. Rangi ikiwa imepasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu, chuma chenyewe kimeanza kuachia.

Tazama na chini ya siti, maana lumbesa inayoning'inia nyuma ya ekseli huikunja fremu kama mtu anayevunja kuni kwa goti. Huko pakichomelewa vizuri na kuongezewa kipande, sina ugomvi. Shingoni, hapana. Moto hudhoofisha chuma cha pembeni, na ufa mpya huja kutokea kando ya ule uliozibwa, labda unateremka na abiria wa mishikaki (najua, wewe hujawahi kubeba).

Fremu ikiwa nzima, ndipo tuongee injini. Moshi ukitoka unapovuta mafuta mlimani, shuku ringi na silinda. Ukitoka baada ya kuachia mafuta mteremkoni, shuku sili za valvu, na hapo pistoni haihusiki. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, tafuta valvu. Hiyo pumzi usiitilie maanani sana: Mbeya mjini tu ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Hata mpya inahema ikipanda Isongole.

Kinachonitia shaka ni ringi mara mbili. Silinda iliyolika ikawa na umbo la yai haizibwi na ringi mpya. Fundi aipime kwa kifaa, si kwa jicho. Blok likiwa nje, pistoni ikiwa juu kabisa, aivute koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, juu na chini. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida. Ikicheza juu na chini, mtafungua mashine yote. Blok, pistoni na kranki kwa mpigo, kwenye fremu ya umri huo? Mimi nisingelipa.

Ukiistaafisha, usimuuzie nzima kijana mwingine. Rimu, tanki, taa na kabureta vina wateja. Nenda TRA na kadi ufute usajili kwanza, kisha fremu uikate shingoni ndipo iende kwa wa chuma chakavu, asije mtu akaifufua ikiwa bado na jina lako.