Re: Linux ni ya bure, sasa jina lina mwenyewe vipi?
Mkuu, Linux ni mfumo endeshi wa kompyuta, usichanganye programu yenyewe na jina lake. Leseni ya GPL, yaani ile ruhusa Linux inatolewa nayo, inakupa programu, uibadilishe, hata uiuze, ila jina ni alama ya biashara, hiyo ni sheria nyingine kabisa. Na bora linalindwa aisee, maana 1994 jamaa mmoja wa Boston aliomba kulisajili Marekani, 1995 akapewa, 1996 akaanza kuyaandikia makampuni barua anataka asilimia 10 ya mapato, kazi ya Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, na wenzake hiyo! Inauma sana. Wakampinga, 1997 jina likahamishiwa kwa Torvalds. Kwa hiyo distro yako (toleo lako la Linux) ukitaka iwe na neno Linux kwenye jina, omba kibali Linux Foundation, shirika linalosimamia jina hilo, hawachaji kitu, halafu weka ule mstari kwamba Linux ni alama iliyosajiliwa ya Linus Torvalds.