Valvu ya tyubulesi imechoka, niweke tyubu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST yenye matairi ya tyubulesi (yasiyo na tyubu ndani). Tairi la mbele kushoto halipungui upepo likiwa limeegeshwa, lakini nikitoka Morogoro nafika Dar limelegea. Fundi pancha kalizamisha kwenye maji, hakuona kitu. Anasema valvu imechoka, niweke tyubu ndani tatizo liishe. Mwenzake anataka kupaka gundi kwenye shina la valvu bila kulifungua tairi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Usimsikilize hata mmoja, ingawa huyo wa kwanza ugonjwa kauotea.

Valvu ya mpira ikizeeka hupasuka shinani, pale inapoingia kwenye ringi. Gari likikimbia, mzunguko unailaza valvu, ufa unafunguka, upepo unatoka. Ukisimama, valvu inarudi na ufa unajifumba. Karai la maji lingeonyesha nini hapo? Angeikunja kwa kidole huku na huku tairi likiwa majini, mapovu angeyaona.

Dawa ni valvu mpya. Upande mmoja wa tairi uachanishwe na ringi, valvu ya zamani ikatwe, tundu lisuguliwe kutu, mpya ipakwe maji ya sabuni (oili na grisi hula mpira) kisha ivutwe kutokea ndani mpaka inase. Ringi za magari madogo nyingi zina tundu la milimita 11.5, na valvu yake ni TR413, au TR414 iliyo ndefu kidogo. Gundi haishiki kwenye mpira unaocheza muda wote. Huyo asikuguse gari.

Sasa hii tyubu. Kila wiki naletewa gari lenye tyubu ndani ya tyubulesi, na kila mara mwenye gari ananiambia "fundi alisema ni imara zaidi". Imara wapi? Tyubulesi ikichomwa msumari, mara nyingi mpira unaubana ule msumari na upepo unatoka kidogokidogo. Unafika kwenye kituo cha mafuta ukiwa mzima. Tyubu ikichomwa inachanika, na upepo wote unatokea kwenye tundu la valvu kwa mkupuo. Hilo likikukuta kwenye mwendo wa 100, tena tairi la mbele, usukani unakuponyoka. Isitoshe, ndani ya tyubulesi hakukutengenezwa kwa ajili ya tyubu: inasuguana, inapata joto, inajila yenyewe. Nimefungua matairi nikakuta unga mweusi umejaa ndani, na tyubu imebaki nyembamba kama puto.

Wanaopenda kukushauri hivyo ni wale wasio na valvu kibandani lakini tyubu wanazo.

Nyie wa Hiace msidhani hayawahusu. Valvu ya mpira ya kawaida mwisho wake ni upepo wa psi 65 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Tairi la mzigo linalojazwa zaidi ya hapo linataka valvu iliyotengenezwa kwa upepo huo, kwa mfano ya chuma yenye nati. Na unaponunua matairi mapya, badilisha valvu zote nne siku hiyohiyo, maana tairi limeshafunguliwa. Watu wanatoa laki kadhaa kwa matairi halafu wanabania hela ya valvu! Fundi akikwambia za zamani bado nzima, mwambie akupe moja mkononi, uikunje mwenyewe mbele yake.